Mashine Iliyokataa Jina

Jina lililokwama kwenye mashine lilikuwa lake: Lukumani.

Ndivyo tulivyomwacha, ndugu msomaji. Mtu mzima amesimama katikati ya ua wa mkwe wake kule Ajia, jamaa wote wa mkewe wamemgeukia, na chuma kimegoma jina lake likitajwa. Hajakimbia. Bado yupo pale pale.

Kwa aliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungiwa samaki, nampa maneno machache. Driwaru, mke wa Lukumani, amekuwa akilala mchana kutwa, na usiku anaongea na kaka yake Candia. Candia huyo alikwenda Oraba mwaka jana kutafuta beringi ya mashine, hakurudi. Dereva wa lori alileta shati lake lenye damu na spana yake moja. Siku hizo watu walipotea barabarani na hakuna aliyekwenda kambi ya askari kuuliza. Baba yake, mzee Ocokoru, alizika lile shati, akaufunga mlango wa nyumba ya mwanawe kwa miiba. Tangu hapo, mashine ambayo Candia aliiacha barazani kwa mzee inalia yenyewe usiku. Chakula anachowekewa marehemu kinaliwa chote, sahani inabaki safi.

Mzee alitaka kujua nani amemuua mwanawe. Akamwita Ezati, mtu wa kuuliza wafu. Ezati ana kijiti chake. Anakisugua huku akitaja majina, na jina ambalo kijiti kinanasa, ndilo hilo. Lakini mzee alisema, "Kijiti ya mtama, huyu Mnubi wa Koboko atabisha nayo. Uliza kwa mashine ya Candia mwenyewe. Hiyo hawezi kubisha." Wakapatana mbele ya watu: mashine isiponasa, Lukumani ampeleke mkewe hospitali. Ikinasa, Driwaru haondoki Ajia, na mwenye kufa atafia kwao.

Basi ilinasa.

"Umeona," Ezati alisema. Hakupaza sauti. Mikono yake miwili ilikuwa bado kwenye mpini. "Mwenye mashine amekukataa."

"Naomba nione ndani."

"Hakuna mutu anafungua. Ukifungua, maneno inatoka."

Kwenye mkeka kulikuwa na Hawah, mama yake Lukumani, aliyetoka Koboko asubuhi ile na pikapu ya mwanawe. Kichwa cha Driwaru kilikuwa mapajani mwake. Driwaru alikuwa usingizini, mdomo wazi, nzi wanatembea juu ya kope zake.

"Hayo maneno iko kama kuku?" Hawah aliuliza. "Ukifungua mlango inakimbia?"

Wawili watatu walicheka, wakakumbuka walipo, wakanyamaza.

"Mama Lukumani, hapa si Koboko," Ocokoru alisema.

"Najua, mukwe wangu. Koboko tungekuwa tumeshapewa chai."

Lukumani hakucheka. Alikuwa akiitazama ile mashine. Aliijua kama unavyoijua baiskeli yako. Yeye na Candia waliijenga pamoja, kwa mfano wa mashine ya zamani ya kuzungusha damu iliyotupwa na hospitali. Unatia damu kwenye vichupa, unazungusha mpini, maji ya damu yanabaki juu na chembe nzito zinashuka chini, na mganga anaona kilichojificha. Ile ya zamani ilikuwa na kibao cha shaba chenye jina la mzungu aliyeibuni, neno patenti, na namba. Candia alikipenda kibao kile kuliko mashine yenyewe.

Tangu siku ile kila alichobuni alikipigilia kibao. Mashine ya kumenya karanga, kibao. Mashine ya kukamua mashuka ya wagonjwa, kibao. Jina lake, neno patenti, na namba. Kampala, alikoandika kuomba namba, hawakuwa wamemjibu, kwa hiyo aliweka namba ya baiskeli yake. "Serikali ikijibu nitabadilisha namba," alikuwa akisema. "Jina haibadiliki."

Lukumani aligeuka. "Muzee Ezati, kijiti inaulizwa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ya kwanza ni ya mwenye kushtaki. Ya pili ya nani?"

Ezati alitazama pembeni.

"Ya mwenye kushtakiwa," alijibu Ocokoru. Mzee yule alikuwa mgumu, lakini hakuwa mwongo.

"Basi nataka yangu. Na jina nachagua mimi. Taja lako, Ezati."

Ezati aliachia mpini kana kwamba umemchoma. "Mwenye kuuliza hajiulizi."

"Mwache, anaogopa," Hawah alisema. "Hata mimi ningeogopa. Huyo Candia alinitengenezea mashine ya kukamua simsim, ikala gurbaba yangu, nguo nzima ya kujifunga, mpaka hapa." Alionyesha paja. "Nikabaki mbele ya wageni kama mutoto wa kuoga. Mashine zake hazina heshima."

Safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu mzee Ocokoru alikuwa ameinuka.

"Taja langu," alisema.

"Muzee..."

"Nimesema taja langu. Mimi sina kitu ya kumuficha mutoto yangu."

Ezati alishika mpini. Mikono ya chuma chini ya kifuniko ikaanza kuzunguka, taratibu, kisha mbio. Sauti ikapanda kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo.

"Ocokoru," Ezati alitaja.

Mashine ilikwenda.

"Ocokoru."

Ilikwenda, mbio zaidi. Mke wa mzee akavuta pumzi.

"Ocokoru."

Chuma kililia. Mpini ulimtoka Ezati mkononi ukampiga kifuani. Mashine ikasimama.

Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo. Mzee alikuwa akikitazama kile kibao cha shaba chenye jina la mwanawe, na polepole akakaa chini. Hakukalia kiti chake. Alikaa mavumbini.

"Iko kweli," alisema. "Aliniambia, baba, barabara ya Oraba mbaya, nasubiri kwanza. Mimi nikamwambia mwanaume haogopi barabara. Ni mimi."

Lukumani hakuwa ametaka hilo. Alitaka kuufumbua mchezo, na badala yake amempiga mzee moyoni. Hakuomba ruhusa tena. Alikwenda, akafungua kifuniko.

"Baba, angalia. Huku iko kitu, huku hakuna. Candia alitia breki ya baiskeli hapa ndani. Upande moja ikizidi uzito, mwendo ikipanda, breki inakamata. Taja jina ya mbuzi, itakamata. Si wewe. Wala si mimi."

Watu walisogea. Ezati alisogea pia, anajisugua kifua, akauliza:

"Na nani ameweka hiyo kitu?"

Lukumani alikitoa. Kilikuwa kichupa chembamba cha kioo, kimezibwa kwa nta, kimefungwa uzi shingoni. Damu ndani yake ilikuwa bado nyekundu.

Akautazama uzi. Ulikuwa na fundo lenye masikio matatu.

Kidole gumba cha kushoto cha Candia kilikuwa hakikunjiki, tangu mnyororo wa pikipiki ulipokikamata. Kwa hiyo alifunga vitu kwa namna yake, na hapakuwa na mtu mwingine aliyefunga hivyo, Arua wala Koboko. Lukumani akakiinua kichupa kwenye mwanga, na kila mtu aliliona fundo.

Kutoka kwenye mkeka, Driwaru akafumbua macho.

"Musimwage," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia maziwa. "Candia amesema musimwage."

Akalala tena.

Hapo mzee Ocokoru alisimama. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Mupeleke," alimwambia Lukumani. "Mupeleke leo, na mashine muondoe. Mimi namaliza na huyu." Alinyoosha mkono kwenye nyumba ya Candia, ile ya nyasi iliyofungwa kwa miiba, pembeni ya kaburi la shati. "Tumempa chakula, amekula. Tumemchinjia, amekula. Na bado anakuja kumsumbua dada yake. Hii nyumba nachoma leo. Akikosa pa kukaa, ataenda na wengine."

Ezati alitikisa kichwa kukubali. Watu wakaanza kukusanya nyasi kavu.

Lukumani alimbeba mkewe. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanuliwa.

*

Barabara ya kwenda Arua ilikuwa vumbi tupu. Ni kiangazi, wakati watu wanapochoma nyasi, na kila kilima kilikuwa na moshi wake. Watatu walibanana mbele ya pikapu, Driwaru katikati. Mashine ilifungwa nyuma kwa kamba.

Walipolipita daraja, Hawah akainua kichwa.

"Unasikia?"

Lukumani alisikia. Nyuma yao, mashine ilikuwa inazunguka.

"Ni mashimo ya barabara, mama. Inatikisika."

"Mashimo inatikisa. Haishiki mpini."

"Ni upepo basi."

"Chagua moja," Hawah alisema, akaanza kusoma dua kimoyomoyo, midomo tu ikicheza.

Lukumani alimtazama mkewe. Macho yake yalikuwa yamefungwa, lakini mkono wake wa kulia, juu ya paja, ulikuwa ukizunguka polepole, kwa mwendo ule ule wa sauti ya nyuma.

Alikanyaga mafuta.

Zahanati ilikuwa kwenye mwinuko, nje kidogo ya mji. Msimamizi wa maabara alikuwa sista Natalina, mwanamke mrefu asiyependa maneno. Alimgusa Driwaru nyuma ya shingo, akazikuta tezi zimevimba kama punje za karanga.

"Huyu amelala hivi tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua," Lukumani alijibu.

"Na mulikuwa munampeleka wapi siku zote hizo?"

"Kwa wafu, sista," Hawah alisema. "Lakini hawana dawa."

Natalina hakutabasamu. "Umeme haiko wiki hii. Mashine yangu imelala kama huyu. Siwezi kuzungusha damu."

Lukumani alitoka, akarudi amebeba mashine ya Candia kifuani. Akaiweka mezani. Natalina aliizunguka, akainama kwenye kibao cha shaba.

"Patenti. Hii namba ya wapi?"

"Ya baiskeli yake."

Hapo akatabasamu, kidogo tu.

Alichukua kidole cha Driwaru ili akitoboe, akasita. Akakisogeza karibu na dirisha.

"Nani amemtoboa huyu?"

"Hakuna mutu."

"Iko tundu hapa. Na hapa. Hii bado mbichi."

Hawah na mwanawe walitazamana. Driwaru alikuwa amewaambia siku nyingi: Candia amekuja, amekaa miguuni kwangu, amenichoma kidole. Nao walikuwa wakitikisa kichwa kwa huruma.

Natalina hakuwangoja. Alitoa damu, akaipima kwenye vichupa viwili sawasawa, kimoja huku, kimoja huku. Lukumani akazungusha. Mwendo ukapanda, ukapanda tena. Mashine iliimba bila kugonga, na kwa mara ya kwanza siku ile alijisikia amesimama juu ya ardhi.

Sista aliinamia hadubini kwa muda. Kisha akamwita.

Lukumani aliweka jicho. Kati ya chembe za damu kulikuwa na vitu vyembamba vinajipinda na kusukumana, kama viluwiluwi kwenye maji yaliyotuama katika nyayo za ng'ombe.

"Malale," Natalina alisema. "Mbung'o amemuma. Mdudu anaingia damu, baadaye anaingia kichwa. Dawa iko hospitali kubwa. Ni kali, lakini akianza leo atapona."

"Basi si shetani," Hawah alisema.

"Shetani gani, mama."

Hawah alijifunika uso kwa ncha ya gurbaba yake. Mabega yake yakatikisika. Alikuwa amejizuia kulia tangu Ajia.

Tungeweza kumalizia hapo, ndugu msomaji, tukaenda kula. Lakini Lukumani alikuwa na kile kichupa mfukoni.

Alikitoa. "Na hii?"

"Ya nani?"

"Ya mke wangu, nafikiri. Tumeikuta ndani ya mashine."

Natalina alikata uzi, akaweka tone moja kwenye kioo, akainama. Akaongeza matone mengine na dawa zake kutoka chupa ndogo ndogo. Alichukua muda mrefu zaidi ya mara ya kwanza. Alipoinuka, uso wake ulikuwa mwingine.

"Si ya mke wako. Hii ni damu ya kundi lingine. Mutu mwingine."

"Mutu gani?"

"Mimi sijui. Ninajua ni mgonjwa kuliko huyu, wadudu wamejaa. Aliyetoa anajua kazi, ametia dawa damu isigande." Akamtazama moja kwa moja. "Na wadudu bado wanatembea, bwana. Damu ikikaa nje wanakufa haraka. Hii imetolewa usiku wa jana."

Lukumani aliuokota ule uzi mezani. Fundo bado lilikuwa na masikio yake matatu.

"Haiwezekani," alisema, lakini hakuwa akimwambia sista. "Candia hakuweka kichupa kimoja hata siku moja. Alikuwa ananitukana kwa sababu hiyo. Weka viwili, weka viwili, wewe kichwa ngumu ya Koboko. Yeye hawezi kusahau."

"Mutu wa malale anasahau," Natalina alisema. "Anaanza kazi, usingizi inamkamata katikati. Anaacha, anaondoka, hakumbuki. Usiku anaamka, mchana analala. Huyu mwenye damu hii, mchana hata umwite kwa ngoma haamki."

Lukumani alipiga magoti mbele ya mkewe.

Kwa miezi walikuwa wamemuuliza Driwaru maswali. Candia anataka nini. Candia amekasirikia nani. Candia anataka mbuzi wa rangi gani. Swali moja hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Driwaru. Mchana Candia anakuwa wapi?"

Alifumbua macho kwa taabu. Alimtazama kama mtu aliyechoka kurudia.

"Nyumbani kwake. Wapi tena."

"Iko na miiba mlangoni."

"Ametoboa nyasi huko nyuma. Anaogopa askari, haendi njiani. Usiku anatoka, anakula kile chakula munamwekea, anakuja kwangu. Mchana analala." Akameza mate. "Nimewaambia kila siku. Munasema ndiyo, ndiyo, halafu munachinja kuku."

Macho yakafumba.

Lukumani alikwisha fika mlangoni. Nyuma ya zahanati palikuwa na kichuguu kikubwa. Alipanda juu yake, akageukia mashariki, upande wa Ajia. Vilima vyote vilikuwa vinafuka.

Hawah alimfuata, ameacha viatu ndani. Alikinga jua kwa mkono.

"Ule ni wa nyasi," alisema. "Angalia, mweupe. Ule pia wa nyasi. Ule wa shamba."

"Na ule, mama?"

Ulikuwa mwembamba, mweusi, umesimama wima. Nyasi ya porini haitoi moshi wa namna hiyo. Nyasi ya zamani ya paa, yenye masizi ya miaka ya kupikia, ndiyo inayotoa.

Hawah alishika gurbaba yake, akaikaza kiunoni, akafunga.

"Washa gari," alisema. "Ni nyumba ya Candia."

Kabla hajamaliza kulitamka jina, ndani ya zahanati chuma kililia.

Walirudi mbio. Natalina alikuwa amejibana ukutani, mkono mdomoni. Alikuwa ameweka vichupa viwili vya mwisho, amezungusha, amekwisha kuuachia mpini. Mashine ilikuwa katika mwendo wake mwenyewe, laini, na breki ikaikamata.

Lukumani alifungua kifuniko. Kichupa huku, kichupa huku. Uzito ulikuwa sawa; safari hii hapakuwa na cha kuikamata ila lile jina.